Fundi anayechunguza faili kabla ya kushika bisibisi

Karakana hii ya kompyuta, iliyo ghorofani katika kichochoro cha nyuma ya soko la Marikiti mjini Mombasa, haina bango wala kiyoyozi, na mteja husubiri kwenye benchi la mbao kando ya ngazi. Naisifu kwa jambo ambalo ni adimu kwa mafundi wa mjini: huyu hutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kutaja bei.

Ofisi yetu hushughulikia utoaji wa mizigo bandarini, na makontena yote tumeyaorodhesha katika faili moja la Excel. Kila mara karani alipoingiza tarakimu, feni ilianza kuvuma, matumizi ya prosesa yakapanda hadi karibu asilimia 100, na asiweze kuandika tena mpaka hesabu ziishe. Duka la kwanza tulilokwenda lilitushauri tununue mashine mpya, bila hata kuomba kuliona faili.

Fundi wa hapa hakufungua hata skrubu moja. "Ngoja kwanza, bibie, tumjue anayeila prosesa," alisema, kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kuita orodha ya programu zinazoendeshwa, akazipanga kwa kufuata matumizi ya prosesa. Excel ilikuwa juu ya zote. Alipoifungua ikiwa na jedwali tupu, prosesa ilitulia, jambo lililoonyesha kwamba mashine na programu yenyewe vilikuwa vizima. Halafu aliianzisha upya huku ameshikilia Ctrl, ili ifunguke katika hali salama isiyopakia viongezo, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya Excel, akalileta faili letu humo; mzigo ukarudi vilevile. Viongezo navyo vikawa vimeondolewa shakani.

Alilinakili faili kwenye flashi kabla ya kuligusa, kisha akaanza kutuonyesha tulichokuwa tumekijenga wenyewe. Kila mstari ulihesabu siku ambazo kontena limekaa bandarini kwa kutumia TODAY, fomula inayotoa tarehe ya leo, ambayo, kama fomula za OFFSET na INDIRECT, huhesabiwa upya kila mara seli yoyote inapobadilishwa, hata kama seli hiyo haihusiani nayo. Juu ya hayo, fomula kadhaa za SUMPRODUCT, za kuzidisha na kujumlisha, zilipewa safu nzima, na safu moja ya Excel ina mistari 1,048,576, ilhali orodha yetu haifiki hata sehemu ndogo ya hiyo. Kanuni za kupaka seli rangi zilikuwa zimejirudia mara nyingi mno kwa sababu ya kunakili na kubandika. Alifuta zilizojirudia, akazipa fomula mipaka ya mistari inayotumika, na badala ya TODAY akatenga seli moja ambamo karani huandika tarehe kila asubuhi. Mashine ni ileile tuliyoambiwa tuitupe, nayo sasa hupokea tarakimu papo hapo.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Akiwa kazini alibadilisha ukokotoaji uwe wa kuamriwa kwa mkono, akasahau kuurudisha kuwa wa kujiendesha, kwa hiyo jumla zetu zilibaki za zamani hadi mtu abonyeze F9. Hali hiyo huhifadhiwa pamoja na faili, na faili hilo likifunguliwa la kwanza, huyaambukiza mafaili mengine yanayofunguliwa baada yake. Kwa ofisi inayotoza wateja kwa kutegemea hesabu hizo, hilo lingeweza kuleta ugomvi. Tulipompigia simu alitueleza pa kurekebisha, katika menyu ya fomula, bila kujitetea.

Malipo yalikuwa shilingi 1,500, pamoja na kupuliza vumbi kwenye feni, kazi ambayo kwa joto la Mombasa haipuuziki, kwa kuwa prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Risiti hutolewa ukiiomba. Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya sala. Anayekwenda abebe chaja pamoja na faili lenyewe linalosumbua, kwani bila faili hilo fundi huyu hakubali kuanza kazi.