Uzamili wa hifadhi ya maliasili: miaka miwili iliyogeuka mitatu

Nilijiunga na shahada ya uzamili ya hifadhi ya maliasili baada ya miaka sita ya kazi ya misitu wilayani. Kilichonipeleka ni swali moja lililokuwa likininyima raha: kwa nini msitu mmoja ukikatwa unarudi, na wa jirani ukikatwa haurudi tena? Chuo sitakitaja, ila ni cha hapahapa Tanzania.

Mwaka wa kwanza ni wa darasani. Ikolojia, sera na sheria, uchumi wa mazingira, ramani za kompyuta, takwimu. Takwimu ndizo zilizonitesa na ndizo ninazozitumia leo kuliko somo jingine lolote. Tulitumia R ya takwimu na QGIS ya ramani, zote ni programu za bure, kwa hiyo asikuuzie mtu programu ya gharama kabla hujaanza. Sheria ya Misitu ya 2002 nilikuwa naishika kazini kila siku, lakini darasani ndipo nilipoisoma kwa utulivu, kifungu kwa kifungu, nikaelewa kijiji kimepewa nguvu kiasi gani juu ya msitu wake.

Mwaka wa pili ni wa utafiti, na hapa ndipo nilipoumia. Andiko langu la mpango wa utafiti lilikaa kwa msimamizi miezi minne bila neno. Nilipiga simu, nikaandika barua pepe, nikamsubiri kwenye korido. Lilipopita ilikuwa Machi. Anayeijua Kilosa, wilaya ya Morogoro niliyokuwa nifanyie utafiti, anajua masika yake: barabara za udongo zinageuka tope, nyasi zinafika kifuani, na watu wako mashambani. Ikabidi ningoje hadi Julai. Muhula ukaongezeka na ada ikaongezeka nayo, nikailipa kwa mkopo wa SACCOS ambao bado nakatwa kwenye mshahara.

Kilosa niliichagua kwa sababu mwaka 2012 ulianza huko mradi wa mkaa endelevu, na vijiji kadhaa vya huko vinavuna kwa mpango. Sehemu ya msitu wa kijiji inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kimoja kinavunwa, cha pembeni yake kinaachwa, hata ukitazama ramani unaona ubao wa drafti. Kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24, na ushuru unaingia serikali ya kijiji.

Siku ya tatu tuliingia kitalu kilichovunwa miaka minne nyuma. Mzee wa kamati ya maliasili aliyekuwa akituongoza alichuchumaa kwenye kisiki cha myombo, akafagia majani makavu kwa kiganja, akasema, "Hesabu, mwanangu." Nilihesabu machipukizi kumi na moja, na refu kuliko yote lilinipita kimo. Kisha akanivusha mpaka wa msitu hadi kwenye shamba la ufuta lililofunguliwa karibu wakati uleule. Visiki vilikuwa vimechomwa, vingine vimeng'olewa na mizizi yake. Nilipiga goti nikatafuta. Sikuona chipukizi hata moja.

Swali langu lilijibiwa pale. Mti uliokatwa ukaachiwa mizizi unarudi. Ardhi ikishageuzwa shamba, hakuna cha kurudi. Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya kulithibitisha hilo kwa vipimo: duara la mita 15, tepu ya kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mti mmoja baada ya mwingine. Nisingefika pale kwa kusoma tu.

Kwa anayefikiria kuomba: ada utaijua mapema, lakini utafiti ndio unaomaliza mfuko. Posho za wasaidizi, bodaboda, chakula, safari za kufuatilia vibali mkoani na wilayani. Mimi zilinitoka zaidi ya milioni nne. Kwa vifaa, waandikie IDEA WILD, shirika la Marekani linalowapa watafiti wa uhifadhi vitu kama GPS na darubini. Na kabla hujalipa hata shilingi, uliza nani atakusimamia na ana wanafunzi wangapi. Watafute waliomaliza chini yake, wakae wakueleze. Laiti ningefanya hivyo mimi.

Kama hujawahi kufanya kazi ya uhifadhi, nakushauri uanze nayo kwanza, hata kwa kujitolea mwaka mmoja. Darasani kwetu waliokuja na swali lao walimaliza. Waliokuja kutafuta cheti tu wengi walikwama kwenye andiko. Mimi, pamoja na deni, ningeenda tena.

Tasnifu ilipokamilika nilirudi kijijini na kurasa mbili za Kiswahili, mwenyekiti akazisoma kwenye mkutano. Mama mmoja akauliza kama vipimo vinaweza kurudiwa baada ya miaka mitano, kwenye visiki vilevile. Vinaweza. Visiki nilivipaka rangi nyekundu, na namba zake ninazo.