Kidani cha dubu kutoka Zuni: miezi minne shingoni

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala saa, kuna huyu hapa. Ngoja nimsogeze karibu na kamera… mnamwona? Mama yangu alimwona tulipokuwa tunaongea kwa video akaniuliza, "Mwanangu, mbona umevaa panya shingoni?" Si panya, mama. Ni dubu.

Wala simlaumu. Dubu sisi tunamjua kwa midoli. Afrika nzima hakuna dubu wa porini, wale wa milima ya Atlas walishatoweka. Hata jina tumelipata kwa Waarabu, dubb, na ukitazama kundi la nyota la Dubu Mkubwa, kuna nyota inaitwa Dubhe. Neno ni lile lile.

Hiki kidani nimekinunua Zuni, kwa Wazuni, wenyeji wa asili wa Marekani, magharibi mwa jimbo la New Mexico, mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa Albuquerque ninapoishi. Dola 140, nimempa fundi mwenyewe mkononi. Kabla ya hapo nilijifanya mjanja, nikaagiza cha dola 25 mtandaoni. Wiki ya pili shingo ikawa ya kijani! Lile jiwe walilosema ni feruzi nikalipitishia pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, pamba ikatoka buluu. (Msijaribu hivyo kwenye jiwe la maana, mtaliharibu.) Muuzaji mpaka leo kimya.

Sasa mtazameni huyu. Mwili wake ni feruzi, lakini si jiwe moja. Ni vipande vimekatwa kimoja kimoja vikapangwa, na katikati yake pamepita utepe mwembamba wa fedha. Napitisha ukucha hapa… haukwami popote. Kazi hii ya kupachika mawe ndiyo inayowapa Wazuni sifa. Halafu huu mshale mwekundu ni marijani. Unaanzia mdomoni, unaishia kifuani. Rafiki yangu alidhani dubu kapigwa mshale, masikini! Ni njia ya pumzi, kutoka mdomoni kwenda moyoni. Ndio uhai wa mnyama.

Kile cha dola 25 kilikuja na kadi: "Dubu ni nguvu na ujasiri." Kadi hiyo si ungeweza kumbandika nayo hata nyati? Kwa Wazuni dubu ana mahali pake: ni mlinzi wa upande wa magharibi, na rangi yake ni buluu. Mashariki ni ya mbwa mwitu, kaskazini ni ya puma, yule paka mkubwa wa Amerika. Na wenyeji wengi wa Amerika Kaskazini wanamhusisha dubu na tiba, maana huonekana akichimba mizizi kwa makucha. Mganga wa mizizi! Hapo sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

Mimi kilichonifanya nitoe pesa ni kingine. Jike la dubu huingia pangoni majira ya baridi, akakaa miezi bila kula wala kunywa, na huko huko akazaa. Baridi ikiisha anatoka na watoto. Kwa mtu aliyeupitia msimu wa baridi wa kwanza ugenini akiwa na mimba, dada zangu, mnanielewa.

Geuza nyuma utaona 925, yaani fedha asilimia 92.5, na herufi za jina la fundi. Dai pia risiti iliyoandikwa nani katengeneza. Marekani ina sheria ya mwaka 1990: ukiuza kitu kwa kudanganya kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili, hata mara ya kwanza unaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya hadi dola 250,000.

Kasoro? Mkufu. Kidani nakipa tisa kwa kumi, mkufu nne. Mwembamba mno kwa uzito huu, na kishikizo kimeshafunguka mara mbili, mara moja nikiwa sokoni. Fedha nayo inaingia weusi. Futeni kwa kitambaa laini kikavu, msiichovye kwenye zile dawa za kung'arishia, zinaua feruzi na marijani. Manukato pulizeni kwanza, kidani baadaye.

Kwa sasa nimemtundika kwenye uzi wa ngozi. Nikipata mkufu wa maana nitawaonyesha.