Tumepeleka watoto kuona kamba inavyotoka kwenye mkonge, haya ndo niliyoyaona

Mwanangu mdogo ana miaka 6. Siku moja tunaanika nguo nikamuuliza hii kamba inatoka wapi, akanijibu dukani kwa Mangi. Haya na Mangi anaitoa wapi? Akafikiria weee, akasema Kariakoo. Kaka yake wa miaka 10 akajifanya mjuaji, "inatoka kiwandani", nikamuuliza na kiwandani wanaitoa kwenye nini, kimya. Na sisi tunakaa Tanga jamani, ukitoka mjini ukapita Muheza mpaka Korogwe mkonge umejipanga kama gwaride, hawa watoto wamepita hapo mara ngapi sijui wakienda kwa bibi yao, na hawajui lile jani ndo kamba.

Kwaiyo nlipoona tangazo kwenye grupu la wazazi kwamba kuna watu wanapeleka watoto shambani likizo hii, "kutoka jani mpaka kamba", elfu 15 mtoto na elfu 10 mzazi, usafiri na chakula humohumo, sikufikiria mara mbili. Nikalipia wangu wawili na mpwa wangu wa miaka 9 aliyekuja kutoka Dar. Jina la hao watu sitaji wala shamba sitaji, maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, na sitaki kesi.

Nianze na lililonifurahisha, ambalo ni Mzee. Walitupa mzee mmoja wa kututembeza, kafanya kazi kwenye korona (ile mashine ya kuchakata mkonge) ujana wake wote, watoto wakampa shikamoo zao akaitikia mojamoja kwa kila mtoto, na tulikua na watoto kama 20. Hakuanza na hotuba. Alikata jani moja la chini kabisa, akalifyeka ule mwiba wa nchani kwanza ("huu ukikuingia utalala na homa"), akampa mpwa wangu alibebe. Jani lina urefu wa mita moja na kitu, zito, limejaa maji. Akawauliza, hapa kamba iko wapi? Watoto wakaligeuza, wakalinusa, mmoja akasema hamna kitu humu babu.

Akalilaza juu ya ubao, akaligonga na rungu kulilegeza, akachukua kisu butu akaanza kupara. Anabana, anavuta, lile tope la kijani linatoka, anavuta tena. Mara ya nne au ya tano hivi zikaanza kuonekana singa, yani nyuzi zenyewe, nyeupe, ndefu sawasawa na jani lenyewe, kama nywele zilikua zimefichwa mle ndani. Kelele walizopiga wale watoto! Alafu akawapa wapare wenyewe, kila watatu jani moja. Wa kwangu mdogo alitoa singa kama kumi na tano zimejaa makapi, lakini mpaka leo hii hajazitupa, ziko kwenye begi la shule.

Nataka nikae hapa kidogo maana hii ndo sehemu waliyopatia kuliko zote. Wamewafanyisha kwa mkono KWANZA afu ndo wakawapeleka kwenye mashine. Tulivofika korona (bahati iliwahi kuwashwa, Jumamosi inazimwa mchana) nilitegemea watoto wataona ni dude linapiga kelele tu. Lakini walikua wanajua linafanya nini. Majani yanaingia huku yamelala kwenye mkanda, kule ndani kuna pipa kubwa linazunguka lina visu butu, linaponda na kukwangua huku maji yanamwagwa, na upande wa pili zinatoka singa zimelowa zinaning'inia. Mkubwa wangu akanipigia kelele sikioni "mama ni kile kisu cha babu ila vingi!" Basi, mimi nikaona hela yangu imerudi.

Mzee akawaambia pia hesabu ambayo hata mimi nlikua siijui vizuri. Kilo 100 za majani unapata singa kavu kama kilo 4 tu. Zilizobaki zote ni maji na yale makapi ya kijani. Mpwa wangu akauliza sa hayo mengine mnapeleka wapi, na hapo hakuhitaji kujibu, upepo uligeuka tukasikia harufu lol. Lakini akaeleza kwamba yale makapi yakioza yanatoa gesi, na kule Hale mwaka 2007 kuliwekwa mtambo wa kutoa umeme kwenye mabaki ya mkonge. Watoto hawakuamini kwamba ule uvundo unaweza kuwasha taa.

Baada ya hapo uwanja wa kuanikia, nyaya zimetandazwa mbali mpaka macho yanachoka, singa zimeanikwa zinang'aa na jua kama mashuka. Hapo tulipita haraka. Kwenye brashi, wanaposugua singa zikishakauka, pia haraka, ni chumba chenye vumbi na kwa mwenye pumu usimpeleke, nasema mapema. Robota, yani furushi la singa, likishafungwa linakua kilo 250, wakajaribu kulisukuma watoto nane halikusogea.

Sa nije kwenye malalamiko.

Tangazo limesema "mpaka kamba". Kamba hatukuona ikitengenezwa. Kiwanda cha kusokota kilikua kimefungwa sababu ni Jumamosi, na hao waandaaji walikua wanajua kabisa Jumamosi kinafungwa, wakatuletea picha nne zimepigwa laminesheni, wakazipitisha mkono kwa mkono kama picha za harusi. Hapana. Mtoto umemtoa kwenye jani, umemuonesha korona, umemjaza hamu, unakuja kumkatia stimu mlangoni? Nlitaka kuondoka hapohapo.

Aliyeokoa siku ni yuleyule Mzee. Alikaa kwenye gogo, akapandisha suruali, akachukua singa kidogo akaanza kuzisokota juu ya paja na kiganja, kama walivyokua wanafanya wazee zamani. Akampa mwanangu mkubwa ashike upande mmoja yeye mwingine, sokota sokota mpaka uzi ukaanza kujikunja wenyewe kwa hasira. Akasema sa njoo karibu yangu taratibu. Mtoto anasogea, uzi unajikunja katikati na unajisokota WENYEWE, upande wa kinyume na ule waliousokota. Ikawa kamba. Ameiachia, haifumuki. Watoto wakadhani ni mazingaombwe.

"Kila mmoja anataka kufunguka," akawaambia, "ila mmoja akifunguka ndo anazidi kumfunga mwenzie." Na ndo ivo hata kiwandani, uzi unasokotwa upande huu, nyuzi zikiunganishwa kuwa kamba zinasokotwa upande ule, ndo maana kamba inashika. Miaka yote natumia kamba sijawahi kujiuliza. Hicho kitu kingekua kwenye ratiba, kila mtoto apewe singa zake na mwenzake wa kushikana nae, wala wasingehitaji hizo picha.

Lingine. Mwanangu mdogo alimuuliza dada mmoja wa hao waandaaji, "na kamba ya bluu inatoka kwenye mmea gani?" Ana maana ile ya plastiki tunayoanikia. Swali zuri kabisa! Dada akamjibu "hiyo inatoka kiwandani". Nlisikia uchungu, tumelipa hela na tumeamka saa kumi na moja kurudi kwenye jibu la kaka mtu. Kwenye gari ikabidi nimalizie mwenyewe. Nikamwambia hiyo haina mmea, inatoka kwenye mafuta na gesi vinavyochimbwa chini ya ardhi, wanavipika wanapata punje ndogondogo za plastiki, punje zinayeyushwa, afu zinavutwa zikiwa laini. Nikamtoa bigijii mdomoni nikaivuta mbele yake ikawa uzi mrefu, akaelewa (na akaila tena, tusihukumiane). Hapo ndo ningetegemea na wao waeleze kwa nini mashamba mengine njiani yalikua yamegeuka pori. Tanganyika ilikua ya kwanza duniani kwa mkonge, mwaka 1964 zilitoka tani kama 230,000, kisha hizi kamba za plastiki zikaingia sokoni kwa bei ya chini na mambo yakaharibika. Mtoto anaelewa hiyo, ni vita ya kamba mbili tu.

Historia waliyotoa ilikua ya Mjerumani, Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 na iliyofika hai Tanga ni 62 tu, na asili yake hasa ni Mexico. Watoto waliipenda, mpwa wangu alikua anarudia "sitini na mbili tu?" njia nzima. Sawa. Ila waliolima na kukata hawakutajwa hata kwa bahati mbaya. Babu yangu mzaa baba aliletwa Tanga kutoka Kigoma akiwa manamba, waliitwa hivyo sababu mtu alipewa namba. Nikawasimulia wanangu mwenyewe tukiwa tunasubiri wali, na Mzee akasogea akasikiliza, akauliza babu yako alikua shamba gani, tukajikuta tunaongea nusu saa.

Madogomadogo: utomvu wa mkonge unawasha, mpwa wangu mkono ulivimba vipele mpaka kwenye kiwiko, glavu hazikuwepo hata moja, vaeni mikono mirefu. Pamba za masikio bebeni. Wali maharage ulikua mtamu, juisi maji matupu. Choo kimoja watoto 20.

Nawapa 3 kwa 5, Mzee peke yake nampa 5. Mwezi wa 12 wamesema wanaenda tena, mkitaka kwenda kataeni Jumamosi, ombeni siku ya kazi na muwaandikishe kabisa kwamba kiwanda kitakua wazi. Na ulizeni kama Mzee yupo, kama hayupo bakini nyumbani.

Mimi sa hivi shida yangu ni nyingine. Juzi nimekuta kamba yangu ya kuanikia imefumuliwa kama mita nzima, uzi mmoja mmoja umelazwa chini kwa mstari, na bwana mdogo amekaa pembeni anajaribu kuirudisha juu ya paja lake. Ya plastiki hiyo, inateleza, haikubali. Sare za shule nimezianika ukutani.