Waya wa spika wa kujitengenezea: upi ununue, upi uuache dukani

Kwa spika mbili zilizo mita 5 kutoka kwenye amplifaya, nunua mita 10 za fleksi ya shaba, ile ya nyaya mbili ndani ya ganda moja, milimita mraba 2.5. Hiyo ndiyo namba moja. Ukinzani wake kwa kila spika, kwenda na kurudi, ni takriban omu 0.07. Ukinzani wa waya ukibaki chini ya asilimia 5 ya omu za spika hakuna cha kulalamikia: 0.4 kwa spika ya omu 8, 0.2 kwa ya omu 4. Fleksi ya 1.5 hutoa kama 0.115, nayo inatosha na hupinda vizuri kwenye kona. Kale kawaya ka 0.5 hufika 0.34, na kwa spika za omu 4 hapo umeshapitiliza. Andika SPIKA kwa maka kwenye ncha zote, maana fleksi ndiyo waya wa pasi. Mtu akiufunga plagi ya ukutani, kwaheri spika.

Nafasi ya pili ni waya wa spika wenye ganda linaloonyesha ndani. Ungekuwa wa kwanza kama si CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba, ambayo rangi yake inamdanganya yeyote. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, hivyo 2.5 yake ni sawa na 1.6 ya shaba. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Si haramu kuununua, ila chukua mnene zaidi na usikubali kuuziwa kwa bei ya shaba.

Waya wa mtandao wa Cat5e ni wa tatu, na ndio wapenda majaribio wanaoupenda kupita kiasi. Unganisha nyaya nne zenye rangi kamili upande wa chanya na nne zenye mistari myeupe upande wa hasi. Kila upande unapata kama milimita mraba 0.8. Ukisuka kadhaa pamoja, kapasitansi (uwezo wa waya kuhifadhi chaji) hupanda, na baadhi ya amplifaya hushindwa kutulia na kupata moto bila sababu inayoonekana. Waya bapa wa kuwekea soketi za nyumba ni wa mwisho: umeme unapita vizuri, lakini ni mgumu na huvuta vituo vya nyuma ya spika.

Kwa nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka kwenye kicheza muziki hadi kwenye amplifaya, unene hauna kazi. Kinga, yaani wavu unaozuia kelele za umeme, ndiyo kazi. Chagua RG-59 (waya wa kamera za ulinzi) yenye wavu wa shaba. Waya wa maikrofoni unafuata, ni laini, lakini kapasitansi yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo kwa kicheza santuri ufanye mfupi. RG-6 ya dishi iache: wavu wake mara nyingi ni wa alumini, na risasi ya kulehemu haishiki kabisa.

Pesa iliyobaki iende kwenye plagi za chuma. Ingiza kifuniko cha plagi kwenye waya kabla ya kulehemu (kila mtu hukisahau mara moja). Chomeka plagi kwenye soketi ya RCA isiyotumika ili pini isihame plastiki ikilainika, chuma cha kulehemu kiwe nyuzi joto 350 hivi, na usizidishe sekunde 3. Ncha za waya wa spika zinazobanwa kwa skrubu usizipake risasi: risasi husinyaa taratibu chini ya mbano, skrubu inalegea, sauti inakatika-katika.

Kisha multimita (kipima umeme) ikiwa kwenye kipimo cha mlio, waya ukiwa haujachomekwa popote. Kati ya chanya na hasi isilie. Uzi mmoja wa shaba uliotoroka na kugusa upande wa pili unatosha kuunguza transista za amplifaya.