Mlima Kilimanjaro: shamba la mikaratusi au kihamba?

Wadau mnaotuma hela nyumbani Moshi vijijini mkisema "tupande miti", swali ni miti gani, maana hapo ndo watu wanaharibu.

Mkaratusi unalipa haraka, hilo sibishi, unakua chapchap, hautaki kubembelezwa, unauza nguzo na kuni mtoto analipiwa ada. Shida ni maji. Ukiupanda karibu na chemchemi unanyonya kwelikweli, na chini yake mahindi yanadumaa tu.

Kihamba sasa, yani shamba la mseto la Wachagga, juu miti ya kivuli kama mringaringa, chini yake migomba, halafu kahawa, halafu magimbi na maharage huko chini kabisa, ng'ombe yupo bandani anakula majani na vigogo vya migomba, samadi inarudi shambani. Mvua kubwa ikishuka udongo hauondoki hovyo, jua likikaza kahawa ina kivuli. FAO, shirika la chakula na kilimo la UN, waliutambua mfumo huu kule Shimbwe Juu 2011 kama urithi wa kilimo, sio story za wazee tu. Ubaya wake ni kazi, mfongo, yani mfereji wa asili wa maji, lazima usafishwe la sivyo maji hayafiki, na vijana wako Dar, bei ya kahawa nayo ndo hiyo inapanda inashuka.

Halafu watu wanalilia barafu ya kileleni inayoyeyuka, eti maji yataisha, wakati maji mengi ya mlima yanatokana na mvua inayonyesha msituni!

Mimi hela yangu naipeleka kihamba, na sehemu yake iwalipe vijana wa kuzibua mfongo. Mkaratusi kama lazima, weka kule tambarare mbali na chemchemi, tena mistari miwili mitatu tu ya kuni.