Kadi ya punguzo la dawa ukiwa mstaafu Marekani: wapi naitoa, wapi naiacha mkobani

Niseme mapema, mwenye haraka asipoteze muda: kadi za punguzo la dawa zinafanya kazi, ni za bure, na mstaafu mwenye Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, anafaa kuwa nayo moja. Lakini kadi si bima, na kuna dawa ambazo ukizinunua kwa kadi unajiumiza mwenyewe. Nimetumia zaidi GoodRx, na mara mojamoja SingleCare, tangu nilipostaafu kazi ya kuhudumia wazee hapa Minnesota. Wenzangu wengi tuliotoka nao nyumbani sasa wanaingia umri huu, na maelezo mengi niliyoyakuta yameandikwa kana kwamba msomaji amezaliwa ndani ya ofisi ya bima.

Dawa zangu ni za kawaida kwa mtu wa rika langu: amlodipine ya presha, atorvastatin ya lehemu, metformin ya sukari. Zote ni jeneriki, maana hataza ya kampuni iliyozitoa mwanzo imekwisha na viwanda vingi vinazitengeneza. Ungedhani basi bei ni moja kila mahali. Wapi! Famasia moja ya barabara kuu ilinitajia zaidi ya dola 100 kwa atorvastatin ya miezi mitatu, bei ya mtu asiye na bima. Nikaonyesha kadi, ikashuka chini ya 25. Ng'ambo ya barabara, famasia iliyo ndani ya duka la vyakula, kadi ileile ilitoa bei ya chini zaidi. Kidonge kilekile, miligramu zilezile.

Sisi tuliokulia Tanga tunajua kuingia duka la dawa, kuuliza bei, na kutoka kwenda la pili ikiwa kubwa. Hapa watu wengi hawaulizi. Wanatoa kadi ya bima, wanalipa walichoambiwa, wanaondoka. Na wetu nao wakishakaa miaka kadhaa huku wanaona aibu kuuliza, wasije wakaonekana hawana hela.

Jinsi kadi inavyofanya kazi si uchawi. Kuna makampuni ya kati yanayosimamia malipo ya dawa kwa niaba ya bima, na hayo yamekwisha kupatana bei na mafamasia. GoodRx, iliyoanzishwa California mwaka 2011, inakufungulia mlango wa bei hizo. Kwenye kadi kuna namba zilizoandikwa BIN, PCN na Group. Mfamasia anaziingiza kwenye kompyuta, bei iliyopatanwa inatokea. Famasia inakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo inaifikia kampuni iliyotoa kadi. Ndiyo maana wewe hulipii chochote kuipata, na ndiyo maana wafamasia wengine hununa ukiitoa. Famasia ndogo ya mtaani inaweza kukuuzia kwa hasara kabisa. Kwa hiyo pale kwa jirani yangu, ambako wananijua kwa jina, huwa nauliza kwanza bei yao ya fedha taslimu kabla sijataja kadi, na wakati mwingine inatosha.

Tuje kwenye Medicare, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Huwezi kutumia kadi na bima kwa pamoja kwenye dawa moja. Unachagua: ama ipite kwenye bima yako ya dawa, ile ya Part D, ama ipite kwenye kadi kana kwamba huna bima. Ukitumia kadi, kwa kawaida fedha uliyolipa haiingii kwenye hesabu ya bima. Na hesabu hiyo ina maana kubwa siku hizi. Mwaka huu wa 2026 mpango wa Part D unaruhusiwa kukutaka ulipe mwenyewe hadi dola 615 kabla haujaanza kuchangia, lakini ukishatoa dola 2,100 mfukoni kwa dawa zinazokubaliwa na mpango wako, hulipi tena hadi mwaka uishe. Kikomo hicho kilianza 2025 kikiwa dola 2,000, kutokana na sheria iliyopitishwa Agosti 2022. Zamani hakikuwapo, na nimewahudumia wazee waliokuwa wakikata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Basi mimi na mzee wangu tunakwenda njia mbili. Yeye anatumia Eliquis ya kuzuia damu kuganda. Hiyo haiguswi na kadi yoyote nyumbani kwetu. Niliwahi kuiangalia kwenye kadi, bei ikabaki mamia ya dola. Tena tangu Januari 2026 ni mojawapo ya dawa kumi za kwanza ambazo serikali ilipatana bei na watengenezaji kwa ajili ya Medicare: dola 231 kwa mwezi, wakati bei iliyotangazwa 2023 ilikuwa 521. Kila senti anayolipa kwa Eliquis inamsogeza kwenye kile kikomo, kwa hiyo tunaipitisha kwenye bima bila mjadala. Insulini vivyo hivyo kwa wanaoitumia: kwenye Part D haizidi dola 35 kwa mwezi, huna haja ya kuhangaika na kuponi.

Mimi mwenye vidonge vya bei ndogo sitafika dola 2,100 hata nikitaka. Kwangu swali ni moja tu, leo ipi nafuu. Kwa metformin bima yangu haitozi kitu, naipitisha huko. Kwa atorvastatin kadi inashinda. Amlodipine hubadilikabadilika, na hapo ndipo ninapomshukuru binti mmoja wa Kisomali aliyelelewa Nairobi, mfamasia wa pale ninapochukulia dawa. Alinifundisha kuuliza. "Shikamoo mama," huniambia, "nisubiri kidogo niipitishe njia zote mbili." Anaipitisha, ananiambia tofauti. Zamani mikataba mingine iliwafunga midomo wafamasia wasimwambie mteja kwamba kuna bei ya chini kuliko ya bima yake. Sheria mbili za Oktoba 2018 zilivunja kufuli hilo. Lakini mfamasia kuruhusiwa kusema si sawa na kulazimika kusema, kwa hiyo usipouliza usitegemee kuambiwa.

Kuna mambo mawili yanayonikera. La kwanza, bei za kadi hazitulii. Ile niliyoiona kwenye simu asubuhi niliwahi kuikuta imepanda nilipofika dirishani jioni, kwa dawa ileile. Angalia pia kama umeandikiwa vidonge au kapsuli, na vingapi, maana ukibadilisha kidogo tu, bei nayo inaruka. La pili ni siri zako. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu GoodRx kuwapa Facebook, Google na wengineo taarifa za afya za watumiaji kwa ajili ya matangazo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 bila kukiri kosa. Naendelea kuitumia, ila kwa barua pepe ambayo siitumii kwa jambo lingine, na sijaandika humo ugonjwa wowote. Mwenye dawa asizotaka zijulikane afikirie mara mbili.

Uanachama wa GoodRx wa kulipia kila mwezi sikuuchukua. Kwa vidonge vyangu vichache faida yote ingeishia kwenye ada.

Zile kadi za watengenezaji wanazotangaza kwenye televisheni, "lipa kidogo tu kwa mwezi", ni kitu kingine. Ukiwa na Medicare huruhusiwi kuzitumia, sheria ya kuzuia hongo katika bima za serikali inakataza. Ile ya GoodRx unaruhusiwa, kwa sababu hapo unanunua nje ya bima.

Usikwame kwenye kadi peke yake pia. Walmart wana orodha ya jeneriki za dola 4 kwa mwezi tangu 2006, bila kadi. Costco ni duka la wanachama, lakini famasia yake inamhudumia hata asiye mwanachama. Mlangoni sema tu unakwenda famasia. Cost Plus Drugs, famasia ya mtandaoni ya tajiri Mark Cuban, iliyofunguliwa Januari 2022, inaweka asilimia 15 juu ya bei ya kununulia, dola 5 za kazi ya famasia, kisha usafirishaji. Ukiagiza ya miezi mitatu huwa nafuu, ukiagiza ya mwezi mmoja usafirishaji unakula faida. Ila ukinunua huku na kule hakikisha famasia moja ina orodha ya dawa zako zote, la sivyo hakuna atakayeona kwamba mbili zinagombana tumboni. Na mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, msaada wa serikali wa gharama za Part D, kwa Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii, kabla ya kadi yoyote. Hapa Minnesota ukipiga Senior LinkAge Line, simu ya msaada kwa wazee, wanakusaidia bure, pamoja na kulinganisha mipango ya bima kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, muda wa kuibadilisha.

Kuna kundi ambalo kadi inalifaa kuliko hata sisi wastaafu, nalo ni wazazi walioletwa na watoto wao. Mama mkwe wa binti yangu alikuja kutoka Bukoba akiwa amevuka miaka 65, ana green card. Watoto walidhani umri unatosha kumpa Medicare. Kumbe asiye raia, tena asiyefanya kazi huku, lazima kwanza akae miaka mitano mfululizo, na hata hapo atalipia. Dawa zake za presha tunamnunulia kwa kadi, na daktari anamwona kwenye kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Vituo hivyo vingine vina famasia yao yenye bei ya chini kuliko ya kadi, kwa hiyo anzeni kuuliza palepale kabla ya kutoka na karatasi ya daktari.