Kiwiko changu kilipona, lakini karatasi ile sijaisamehe

Nimekaa na hasira hii tangu msimu uliopita, na nimeamua kuiandika kwa sababu warusha mkuki wenzangu hawaachi kuniuliza kama waende kufanyiwa upasuaji wa ligamenti ya kiwiko pale nilipofanyiwa mimi, katika hospitali moja ya binafsi jijini Nairobi. Jibu langu la kwanza ni kwamba msiende. Nitaeleza kwa nini, ingawa kila ninapokisimulia kisa hiki jibu hilo huanza kunisumbua kabla sijamaliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na nimerusha mkuki tangu nikiwa kidato cha pili. Ligamenti iliyo upande wa ndani wa kiwiko ndiyo inayozuia kiungo kisifunguke pale nyonga na kifua vinapotangulia huku mkono ukiwa bado umebaki nyuma, na mrushaji huivuta namna hiyo maelfu ya mara kabla haijakatika. Yangu ilikuwa imelegea kwa muda mrefu nami nikawa nafunga bandeji na kuendelea. Kisha, katika mashindano ya kaunti, nilisikia kitu kikiachia ndani ya mkono, mkuki ukaanguka karibu mno, na kidole cha mwisho pamoja na cha pete vikafa ganzi.

Kuhusu daktari wa upasuaji sina neno baya hata moja. Alinikalisha, akaniita mwalimu, akanichorea kiwiko kwenye karatasi na kunieleza kwamba ligamenti iliyochanika namna ile haishonwi tu. Huwekwa mpya, na hiyo mpya hutolewa katika mwili wangu mwenyewe. Aliniambia nigusanishe kidole gumba na kidole kidogo, kisha nikunje kifundo cha mkono, na kano nyembamba ikajitokeza katikati. Watu wengine hawana kano hiyo kabisa, na wenye nayo wanaweza kuishi bila ya kuikumbuka. Hutolewa, matundu hutobolewa katika mfupa wa juu na katika mfupa wa kigasha, halafu hupitishwa humo na kukazwa. Alinisimulia pia habari za Tommy John, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, ambaye Dkt. Frank Jobe alimpasua hivyo mwaka 1974 huku akimpa nafasi moja tu katika mia ya kurudi mchezoni. Alirudi mwaka 1976 na akaendelea kurusha hadi 1989. Niliingia kwenye nusukaputi nikiwa na moyo mkunjufu, na nilipoamka vidole vyangu viwili vilikuwa vimerudi kuhisi shuka.

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa nawaandikia sifa tupu.

Ilipofika kama mwezi wa tano, baada ya bresi, kile kifaa cha kushikilia kiwiko, kuondolewa na mkono kunyooka vizuri, nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali hiyohiyo ili nipewe ratiba ya kurudi kurusha. Alifungua saraka, akatoa karatasi moja iliyokwisha kunakiliwa mara nyingi hata maandishi yamefifia, akaniwekea mezani. Ilikuwa ratiba ya wachezaji wa besiboli. Futi 45, marusho 25, pumzika, marusho 25 tena, futi 60, futi 90, futi 120. Niliisoma yote mpaka chini nikitafuta neno mkuki na sikuliona. Nikamwuliza kwa adabu mkuki unaingia wiki gani.

“Dada, kurusha ni kurusha,” alisema. “Fuata karatasi.”

Nilimweleza, bado kwa adabu, kwamba mpira wa besiboli una gramu 145 hivi na mkuki wa wanawake una gramu 600, yaani zaidi ya mara nne. Kwamba mimi huja mbio kisha nikasimama ghafla kwa mguu mmoja, na nguvu yote ile hupita katika kiwiko hicho alichokishika. Kwamba mkuki ni mrefu, na ukipinda kidogo tu wakati wa kuachiliwa huupindua mkono pamoja nao. Akaniangalia kama mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Kisha akaniuliza kama nina watoto, na nilipomjibu kwamba ninaye mmoja, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ng’ambo ya pazia, “Basi mkono huu unatosha kupika na kumbeba huyo mtoto. Huo mkuki utakupa nini?”

Mzee aliyekuwa akinyooshwa goti kwenye kitanda cha pili aligeuza uso wake ukutani, na nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Mimi sikuweza kusema kitu. Nimefundisha wasichana kurusha kwa miaka kadhaa, nimewashawishi wazazi wao mmoja mmoja kwamba huu si mchezo wa wanaume, na nikakosa neno mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Mstari wa mwisho wa karatasi ile ulisema kwamba baada ya futi 120 mrushaji apande kilima. Nilijikaza nikauliza ni kilima gani. Hakujua, na badala ya kukiri kwamba hajui, aliniambia nitafute mahali penye mwinuko huko kwetu nikarushie hapo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kilima hicho ni tuta la udongo la sentimita 25 ambalo mrushaji wa besiboli husimama juu yake. Huyu ndiye mtu niliyekabidhiwa kiwiko changu, katika nchi ya Julius Yego, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015 pale Beijing kwa mita 92.72, na ambayo ni watu wachache mno wameushika mpira wa besiboli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jeraha lenyewe lilielezwa na Waris, daktari wa Finland, mwaka 1946, na waliokuwa mbele yake hawakuwa wachezaji wa besiboli bali warusha mkuki. Sisi ndio tuliotangulia katika vitabu vya udaktari, halafu mtu ananiambia kurusha ni kurusha.

Niliifuata karatasi hadi mwisho kwa mpira wa tenisi, kwa kuwa wa besiboli sikuupata. Nilipomaliza hapakuwa na hatua nyingine iliyoandikwa, kwa hiyo nikachukua mkuki wa gramu 600 na nikakimbia hatua zote kama zamani. Kufikia jioni kiwiko kilikuwa kimevimba. Daktari aliponipima alisema kano aliyoipandikiza imeshika, ila misuli ya upande wa ndani wa kigasha imechanika kidogo, na nikapumzishwa msimu uliobaki wote. Nakiri kwamba hakuna aliyenilazimisha kukimbia hatua zote siku ile, na pengine hata ningepewa ratiba nzuri ningeharakisha. Sijui. Lakini yule wa fiziotherapia nilimwuliza mkuki unaingia wiki gani, na yeye ndiye aliyelipwa kulijibu.

Aliyenirudisha ni kocha wangu wa zamani, ambaye hana cheti chochote cha tiba. Alinianzisha na mkuki wa gramu 500 wanaotumia wasichana wadogo, nikisimama, nikiuchomeka tu kwenye nyasi mita chache mbele yangu. Wiki nyingi baadaye zikaja hatua tatu, kisha tano, na gramu 600 zikaingia pole pole bila ya mbio ndefu. Wapo waliokuwa wakinitajia Neeraj Chopra, mrusha mkuki wa India, aliyepasuliwa kiwiko Mei 2019 na Januari 2020 akawa tayari amerusha mita 87.86 kule Afrika Kusini. Niliwajibu kila mara kwamba upasuaji wake haukuwa huu wangu, na ninaomba msimpime mtu yeyote kwa miezi ile minane.

Sasa nikiwa nimeyaandika haya yote naona siwezi kusimama na lile jibu la kwanza. Narusha bila maumivu. Vidole viwili havijafa ganzi tena hata mara moja, na mita tano hivi ndizo zinazonitenganisha na rusho langu bora la zamani. Mkono ulionifikisha hapa ulikuwa wa daktari yule, na kumwambia mtu asimwendee kwa sababu ya karatasi ya chumba cha pili ni dhuluma. Kwa hiyo mwendeeni. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba ninyi ni warusha mkuki, mwombeni aandike hivyo kwenye faili kwa mkono wake, na mkishushwa orofa ya chini mkapewa karatasi yenye futi, irudisheni mezani na mwondoke.

Nina miadi naye mwezi ujao. Nimeomba anione asubuhi, kwa sababu saa hizo chumba kile cha chini huwa bado kimefungwa.